Fahamu: Programu za simu yako zinavyochangia kumbukumbu moja

Simu janja ya bei ya chini yenye kumbukumbu ya GB 2 inaweza kukuchezea redio, kupokea ujumbe wa WhatsApp, kuhesabu hatua zako na kuonyesha saa, vyote kwa wakati mmoja. Ndani yake kuna makumi ya kazi zinazoendelea bila wewe kuziona. Kama kila kazi ingetaka nafasi yake kamili isiyoguswa na nyingine, GB 2 zisingetosha hata kidogo.

Zinatosha kwa sababu kazi hizo huchangia sehemu za kumbukumbu. Kitu kimoja huwekwa mara moja, na wengi wanakitumia. Lakini kuchangia kunahitaji utaratibu. Utaratibu ukikosekana, hesabu huharibika, na yamewahi kutokea makosa yaliyogharimu maisha ya watu. Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika, hatari yake iko wapi, na wewe mwenye simu unaweza kufanya nini.

Kumbukumbu na hifadhi ni vitu viwili

Ukinunua simu, dukani au mnadani, boksi lake huwa na namba mbili, kwa mfano GB 2 na GB 32. Ile kubwa ni hifadhi: hapo hukaa picha, nyimbo na programu zenyewe. Ile ndogo, inayoandikwa RAM, ni kumbukumbu ya kazi.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, wilayani Kongwa. Ana ghala, na pembeni ya ghala ana ofisi. Ghala ni hifadhi: mzigo hukaa humo hata ofisi ikifungwa usiku. Ofisi ni kumbukumbu: hapo ndipo kazi hufanyika, na jioni taa zikizimwa meza zote husafishwa. Simu ikizimwa, kilichokuwa kwenye kumbukumbu hupotea, kilichokuwa kwenye hifadhi hubaki.

Unapogusa alama ya programu kwenye kioo, simu huitoa ghalani na kuiingiza ofisini. Programu ikishaingia kazini huitwa mchakato. Programu moja inaweza kuwa na michakato miwili au mitatu.

Kila mchakato na chumba chake

Ofisi ya simu imegawanywa vyumba, na kila mchakato una chumba chenye mlango uliofungwa. Programu ya mchezo haiwezi kuchungulia chumba cha programu ya benki ikasoma namba yako ya siri. Anayesimamia milango hiyo ni kiini cha mfumo endeshi. Katika simu za Android kiini hicho ni Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Finland.

Ulinzi huo ni mzuri, lakini unaleta tatizo. Michakato mara nyingi inahitaji kupeana taarifa. Programu ya redio lazima ipeleke sauti kwa mchakato unaoendesha spika. Kamera lazima ipeleke picha kwa mchakato unaochora kioo. Sasa taarifa zipiteje ilhali milango imefungwa?

Njia ya kwanza ni barua. Mchakato mmoja unaandika ujumbe, kiini kinaupokea, kinaunakili na kuupeleka chumba cha pili. Ni njia salama, na kwa ujumbe mfupi inatosha. Mzigo ukiwa mkubwa, kunakili kunachukua muda na nafasi. Android yenyewe imeweka mpaka: nafasi ya barua zinazosubiri kwa mchakato mmoja ni takriban MB 1 tu.

Njia ya pili ni ubao. Msimamizi anatoboa dirisha kati ya vyumba viwili na kuweka ubao mmoja unaoonekana pande zote. Karani wa mizani akiandika uzito wa gunia, karani wa malipo anausoma papo hapo. Hakuna barua wala tarishi, na hakuna nakala ya pili. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kuchangia.

Inavyofanyika ndani

Kumbukumbu ya simu imekatwa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Katika simu nyingi ukurasa mmoja una baiti 4,096. Kwa hiyo simu ya GB 2 ina kurasa 524,288.

Kila mchakato unapewa ramani yake ya kurasa. Mchakato haujui ukurasa wake uko sehemu gani hasa ya kumbukumbu. Unaangalia ramani tu. Ramani ya programu ya kwanza inaweza kusema, "ukurasa wako wa 5 uko kwenye kipande namba 90,000." Kiini kikitaka michakato miwili ichangie, kinaandika kipande hichohicho namba 90,000 kwenye ramani zote mbili. Basi, ubao umewekwa. Anachoandika mmoja, mwingine anakikuta.

Ramani pia inaeleza ruhusa. Mchakato mmoja unaweza kuruhusiwa kusoma na kuandika, na mwingine kusoma tu. Ukijaribu kuandika pasipo ruhusa, kiini kinauzuia.

Mbinu hii ni ya zamani kuliko simu janja. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Bell Labs mjini Columbus, Marekani, waliiweka kwenye mfumo wa Unix waliokuwa wakiutumia kwa kazi za kampuni ya simu. Mwaka 1983 toleo la Unix lililoitwa System V liliisambaza kwa watumiaji wengi zaidi. Simu ya kwanza ya Android ilipoingia sokoni mwaka 2008, Linux iliyokuwa ndani yake ilikuwa tayari na urithi huo.

Sehemu nne unapoikuta kwenye simu yako

Ya kwanza ni kuzaliwa kwa programu. Simu ya Android ikiwaka, huanza mchakato-mama unaoitwa Zygote. Mama huyu hupakia vitu ambavyo karibu kila programu itavihitaji: maelekezo ya kuchora vitufe, namna ya kushughulikia maandishi, na mengine mengi. Ukifungua programu, mama anajizalisha, na mtoto anaanza maisha akiwa na ramani inayoelekeza kwenye kurasa zilezile za mama. Havinakiliwi. Mtoto akitaka kuubadili ukurasa mmoja, hapo ndipo kiini kinamtengenezea nakala ya ukurasa huo peke yake. Kanuni hii inaitwa nakili unapoandika.

Ndiyo maana ukijumlisha ukubwa wa kila programu iliyo kazini, jumla inaweza kuizidi kumbukumbu ya simu yenyewe: kurasa zinazochangiwa umezihesabu mara nyingi. Ili kuepuka hilo, Android inagawanya deni. Tuseme programu 6 zinachangia MB 60. Kila moja inaandikiwa MB 10.

Ya pili ni kioo. Kioo chenye nukta 720 kwa 1,600, kila nukta ikichukua baiti 4, kinahitaji baiti 4,608,000 kwa picha moja, yaani kama MB 4.6. Kikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, ni zaidi ya MB 270 kila sekunde. Kuyanakili yote hayo kutoka chumba hadi chumba kungemaliza chaji bure. Kwa hiyo programu huchora kwenye kumbukumbu ya kuchangia, na mchakato wa kioo huichukua picha hapohapo.

Ya tatu ni sauti, na hii inatuhusu sisi watu wa redio. Ukitusikiliza kwa intaneti, programu haigusi spika moja kwa moja. Inaandika sauti kwenye ubao uliopangwa kwa duara, na mchakato wa sauti wa Android unasoma nyuma yake. Sauti ya njia mbili yenye sampuli 48,000 kwa sekunde ni baiti 192,000 kila sekunde. Mwandishi anatangulia, msomaji anafuata. Mtandao ukisuasua na akiba ya sauti ikaisha, mwandishi anachelewa, msomaji anakuta nafasi tupu, na wewe unasikia redio inakatakata. Redio ya FM iliyo ndani ya simu, ile inayotaka uchomeke visikilizi, hupokea mawimbi yenyewe. Ndiyo maana haili bando wala haitegemei mtandao.

Ya nne ni majina ya watu uliowahifadhi. Programu ikiomba orodha hiyo, na wewe ukiwa umeiruhusu, programu inayotunza majina inayaandika kwenye kumbukumbu ya kuchangia, na iliyoomba inayasoma. Ruhusa hiyo tutairudia hapo chini.

Waandishi wawili, ubao mmoja

Turudi Kibaigwa. Ubaoni pameandikwa: gunia zilizobaki, 40. Makarani wawili wanahudumia wateja wawili. Wa kwanza anasoma 40, anamuuzia mteja wake gunia 30. Kabla hajafuta na kuandika 10, wa pili naye amesoma 40, akauza gunia 25. Wa kwanza anaandika 10. Wa pili anaandika 15 juu yake. Ubao unasema zimebaki gunia 15, ilhali zimeuzwa 55 kutoka kwenye ghala la gunia 40. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea hesabu yake. Kosa ni kwamba wote wawili walisoma kabla ya mmoja kumaliza kuandika.

Kwenye kompyuta jambo hili hutokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, tena si kila mara. Programu inaweza kufanya kazi vizuri mara elfu, ya elfu na moja ikaharibu. Kwa hiyo ni kosa gumu kulikamata.

Chukua sasa salio la shilingi 50,000. Unatoa 40,000 kwa wakala, na dakika hiyohiyo mtu wa nyumbani anatumia laini hiyo kununua umeme wa LUKU wa 30,000. Kazi zote mbili zikisoma 50,000 kwa pamoja, zote zitaona pesa inatosha. Mifumo ya pesa hujengwa ili hilo lisitokee: salio linafungwa kwanza, muamala mmoja unamalizika, kisha wa pili unaingia na kukuta 10,000 tu.

Kufuli, na somo la reli

Dawa yake inaitwa kufuli. Kabla ya kugusa ubao, mchakato unachukua ufunguo. Ufunguo ni mmoja. Mwingine akifika anasubiri mpaka urudishwe.

Wazo hili linafanana na kanuni ya reli, ambayo watu wa Dodoma wanaielewa bila kufundishwa. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Ni njia moja kwa treni zinazokwenda na zinazorudi. Treni mbili haziwezi kuingia kipande kimoja kutoka pande mbili. Moja husubiri stesheni mpaka nyingine ipite. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alipobuni kifaa cha kupanga zamu za michakato mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikiita semafori, jina la ule mkono wa ishara wa relini unaomwambia dereva asimame au apite. Jina hilo linatumika hadi leo.

Kufuli nalo lina mitego yake. Mchakato ukichukua ufunguo usiurudishe, wengine wote wanabaki mlangoni. Na michakato miwili, kila mmoja akiwa na ufunguo anaoutaka mwenzake, itasubiriana milele. Simu inapostaki, kugusa hakujibu na kioo kimeganda, wakati mwingine sababu ni hiyo.

Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mihiri, kisha kikaanza kujiwasha upya mara kwa mara. Kazi ndogo ya kukusanya taarifa za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli la eneo la kumbukumbu linalochangiwa. Kabla haijaliachia, kazi za umuhimu wa kati ziliisukuma pembeni, na kazi kubwa kuliko zote ikabaki inasubiri. Wahandisi waliligundua kosa hilo na kulirekebisha wakiwa duniani, kwa kutuma marekebisho angani.

Pale utaratibu ulipokosekana

Mfano unaofundishwa zaidi vyuoni ni wa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, iliyotengenezwa Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Moja ya makosa yaliyogunduliwa ni hili tunalolieleza. Kazi kadhaa ndani ya kompyuta ya mashine zilichangia kumbukumbu bila kupeana zamu ipasavyo. Mhudumu alipoandika aina ya mionzi kisha akaisahihisha haraka, sehemu moja ya programu ilikuwa na maagizo mapya na nyingine bado ilikuwa na ya zamani. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme vya kuzuia hatari hiyo. Katika Therac-25 usalama huo uliachiwa programu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mfuko wako. Oktoba 2016 lilitangazwa kosa la Linux lililopewa jina Dirty COW. Lilikuwa ndani ya ile kanuni ya nakili unapoandika, tangu mwaka 2007. Programu yenye nia mbaya iliweza kuvizia ule upenyo mdogo wa muda kati ya hatua mbili za kiini, ikaandika kwenye ukurasa iliotakiwa kuusoma tu. Kwa njia hiyo iliweza kujipa mamlaka juu ya mfumo mzima. Simu za Android zilihusika. Waliosasisha simu zao baada ya marekebisho kutoka walipona. Simu zisizosasishwa zilibaki na tundu.

Wewe ufanye nini

Soma namba ya RAM kabla ya kulipa. Kadi ya kumbukumbu unayochomeka pembeni huongeza hifadhi, haiongezi RAM. Baadhi ya maboksi yanaandika jumla, kama 4+4. Nne za pili ni kipande cha hifadhi kilichokopwa kufanya kazi ya RAM, na kina kasi ndogo zaidi.

Usifagie programu kila dakika. Kumbukumbu ikijaa, Android yenyewe huua kazi zilizokaa nyuma bila kutumika. Ukizifunga wewe kila mara, simu inalazimika kuzipakia upya, jambo linalokula muda na chaji. Ifunge ile iliyostaki, au ile nzito usiyoihitaji kabla ya kazi muhimu.

Kuwa makini na malipo. Programu ikijifunga katikati ya muamala, usirudie kulipa papo hapo. Huenda ombi lilishafika kabla mchakato haujafa. Angalia kwanza ujumbe wa uthibitisho au salio. Simu ikiwa na kumbukumbu ndogo, menyu ya nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa, ni msaada, kwa sababu kazi yake kubwa hufanyika kwa mtandao wa simu na kwenye simu yako huja maandishi tu. Ndiyo maana hata kitochi kinaiweza.

Fikiri kabla ya kuruhusu. Milango ya vyumba ni imara, lakini unapobonyeza "ruhusu" unafungua dirisha mwenyewe. Programu ya mikopo inayotaka majina yote ya simu yako itayasoma yote mara moja, na ukichelewa kulipa, jirani, mwalimu wa mtoto na mchungaji wako wanaweza kupigiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Hakiki leseni kwanza, na unyime ruhusa ya majina.

Sasisha simu yako. Ukiona tangazo la sasisho la mfumo, tafuta sehemu yenye mtandao mzuri, weka chaji ya kutosha na ulikubali. Linaweza kula bando, lakini matundu kama Dirty COW hayazibwi kwa njia nyingine.

Simu ndogo inafanya kazi kubwa kwa sababu michakato yake inakubali kuchangia, na inachangia kwa zamu. Sehemu kubwa ya zamu hizo imepangwa na wahandisi. Kilichobaki mikononi mwako ni ruhusa unazotoa, masasisho unayokubali, na subira ya kuangalia salio kabla ya kubonyeza mara ya pili.